Kiwiko Kinapokataa Kazi: Mwongozo kwa Wapiga Makumbi na Wakulima wa Mwani

Maumivu haya huanza kidogo kidogo. Unanyanyua birika la chai, kiwiko kinachoma upande wa nje. Unakamua nguo, mkono unalegea kabla maji hayajaisha kutoka. Wiki mbili tatu baadaye hata kufungua mlango au kupeana mkono na mgeni kunauma. Ukijibonyezabonyeza unagundua kwamba penye uchungu hasa ni mahali padogo: kwenye kinundu cha mfupa upande wa nje wa kiwiko, au chini yake kidogo.

Mtu wa Chokocho, Pemba, akiulizwa kiwiko amekiumizia wapi, mara nyingi hana jibu. Hakuanguka, hakugongwa, hakuchezea kitu kizito. Jibu limo ndani ya kazi yake ya kila siku. Mama anayepiga makumbi kutoa usumba, mkulima wa mwani anayefunga mbegu kwenye kamba, mvuvi anayepiga kasia kwenda Kisiwa Panza na kurudi, kijana anayevunja kokoto, fundi muashi na mwiko wake: kazi zao ni mbalimbali, lakini mkono unafanya jambo moja. Vidole vimekamata kwa nguvu, kifundo cha mkono kinakunjuka au kuzunguka, na mwendo huo unarudiwa mamia ya mara bila mapumziko.

Mtazame anayepiga makumbi kwa dakika chache tu. Kumbi limekaa matopeni miezi kadhaa, limefukuliwa na kuoshwa, sasa limelazwa juu ya jiwe au gogo. Mkono wa kushoto unaligeuza, wa kulia umeshika kipande cha mti. Mti ukipanda, ngumi inajikunja kwa nyuma. Ukishuka, mtikiso unapita kiganjani, unapanda kifundoni, unaishia kiwikoni. Kumbi lililolowa ni zito na linateleza, kwa hiyo vidole vinakaza kuliko inavyohitajika, na hata mti ukiwa juu hewani havilegei. Pigo moja halina neno, lakini kumbi moja linataka mapigo mengi, na mtungo mmoja wa kamba unataka makumbi mengi.

Kwa nini basi kazi ya kiganja na kifundo iumize kiwiko? Kwa sababu misuli inayoinua kifundo na kukaza ngumi haianzii kiganjani. Inaanzia juu, kwenye kile kinundu cha kiwiko, ikiwa imeshikizwa pale na kano fupi. Kano hiyo imejengwa kama kamba ya usumba, nyuzi nyingi nyembamba zilizolala pamoja zikavuta upande mmoja. Ikivutwa kila siku bila nafasi ya kujitengeneza, nyuzi zinachambuka na mpangilio wake unavurugika. Ila kano ni kitu hai, na hujitengeneza yenyewe. Hufanya hivyo polepole, kwa sababu damu inayofika pale ni kidogo kuliko inayofika kwenye msuli.

Kwa miaka mingi madaktari waliamini kuwa tatizo ni uvimbe unaowaka ndani ya kiwiko. Mwaka 1979 madaktari wawili wa Marekani, Robert Nirschl na Frank Pettrone, walitoa taarifa ya walichokiona kwa wagonjwa waliowapasua: hawakukuta uvimbe wa kawaida, walikuta nyuzi za kano zilizovurugika na kushindwa kujijenga vizuri. Shika hilo, kwa sababu ndilo linaloeleza kwa nini vidonge peke yake haviponyeshi. Kidonge kinaweza kukupunguzia maumivu usiku wa leo, lakini nyuzi hazipangiki kwa kidonge. Zinapangika kwa kazi ya kipimo, inayoongezwa taratibu. Anayelazimisha kazi ileile kila siku anaichambua kano zaidi, na anayeufunga mkono miezi mitatu bila kuutumia anaidhoofisha, kisha siku ya kwanza ya kurudi kazini maumivu yanarudi yote. Njia iko baina ya hao wawili.

Hakikisha kwanza ni kiwiko hiki

Chukua kiti cha plastiki. Simama nyuma yake, nyosha kiwiko, kiganja kitazame chini, kisha kinyanyue kiti kwa kushika mgongo wake. Ukichomwa kwenye kinundu cha nje, dalili imetimia. Sasa geuza kiganja kitazame juu, kunja kiwiko karibu na mbavu, unyanyue tena kwa kushika chini ya kiti. Wengi watakuta maumivu yamepungua sana au hayapo. Jaribio hilo limekupa na somo la kwanza la tiba: namna ya kushika ina nguvu kuliko uzito wa kitu.

Kama uchungu uko upande wa ndani wa kiwiko, ule unaogusana na mbavu, iliyoumia ni kano nyingine, ya misuli inayokunja vidole. Wapiga kasia na wavuta nyavu huipata. Mwongozo huu unawafaa pia, ila mazoezi ya chupa nitakayoyaeleza wayafanye kiganja kikitazama juu.

Kuna hali ambazo si za kujitibu nyumbani. Kiwiko kimevimba, ni chekundu na cha moto, na mwili una homa: nenda hospitali siku hiyohiyo. Uliangukia mkono na sasa haukunjiki wala haunyooki: huenda mfupa umevunjika, nenda upigwe picha. Ganzi kwenye kidole kidogo na cha pete, mkono unaopoteza nguvu hadi vitu vinadondoka, maumivu yanayoshuka kutoka shingoni, au viungo vingi vinavyovimba na kukakamaa asubuhi: haya nayo yanataka daktari, kwa sababu chanzo chake ni kingine. Kutoka Chokocho, hospitali kubwa iliyo karibu ni ya Abdalla Mzee, Mkoani, iliyojengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2016. Ukifika, eleza kazi unayofanya na jinsi unavyoifanya. Usiseme tu "mkono unauma." Onesha kwa mkono wenyewe unavyopiga kumbi au unavyofunga mwani, kisha uliza kuhusu mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Panga kazi kwa kufuata maji

Hapa ndipo penye ugumu, na ndipo wengi wanaposhindwa. Kumwambia mama anayetegemea usumba na mwani "pumzika miezi mitatu" ni kumwambia asile. Ushauri wa namna hiyo haufai. Kinachowezekana ni kuipanga kazi upya, na watu wa pwani tayari wana kalenda nzuri ya kupangia.

Mkulima wa mwani anashuka zaidi siku za bamvua, maji yanapokupwa sana na shamba kuonekana. Siku za maji mafu kazi ya baharini inapungua. Kwa hesabu ya haraka utadhani mkono unapata nafuu kila baada ya wiki moja, lakini sivyo inavyokuwa, kwa sababu siku za maji mafu ndizo zinazojazwa kupiga makumbi, kusokota kamba, kukata kuni na kufunga mbegu mpya. Mkono unabadilishiwa kazi tu. Kwa muda wa bamvua tatu au nne mfululizo, acha mpango huo. Chagua kazi moja nzito ya mkono, nyingine iweke kando au mpe mtu. Kama mwani ndio unaoleta pesa ya uhakika, basi makumbi yabaki matopeni kwa sasa, hayaharibiki. Kama usumba ndio tegemeo, punguza kamba za mwani unazozihudumia.

Ndani ya kazi uliyobakiza, badilisha namna. Mti wa kupigia makumbi ukiwa mwembamba unalazimisha vidole kukaza. Uzungushie mpira wa ndani wa baiskeli au kitambaa kigumu mpaka unene, kiasi kwamba ukiushika ncha za vidole zisizame kiganjani. Piga kwa bega na mkono mzima, kifundo kikiwa kimenyooka, na ulegeze vidole kila mti unapopanda. Mpini wa jembe na panga ni vivyo hivyo. Kazi ya kupiga isizidi nusu saa bila kusimama. Simama, nyoosha mkono, fanya jambo lingine, kisha rudi. Vipindi vinne vya nusu saa vilivyogawanywa siku nzima vinaumiza kano kidogo kuliko saa mbili za mfululizo, ingawa makumbi yaliyopigwa ni yaleyale.

Kwenye kufunga mwani, kinachochosha ni kukaza fundo la taitai, kile kikamba cha kushikizia mbegu. Keti chini kamba ikiwa mapajani, viwiko karibu na mbavu. Usifunge ukiwa umenyoosha mikono mbele. Fundo livutwe kwa mikono yote miwili kwa pamoja. Magunia ya mwani mbichi ni shauri lingine kabisa. Mwani uliotoka majini ni mzito mno, na anayelivuta gunia kwa mkono mmoja kiganja kikitazama chini anafanya lile jaribio la kiti kwa uzito mara ishirini. Jazeni nusu, vuteni wawili.

Nyumbani kuna mengi madogo yanayojumlishana. Nguo usizikamue, zianike zikichuruzika na jua litafanya kazi yake. Ndoo ijazwe nusu. Birika na sufuria vinyanyuliwe kwa mikono miwili, kiganja kimoja chini. Kukuna nazi kunataka kifundo kizunguke bila kusita, kwa hiyo kwa kipindi hiki mbuzi ya kukunia ikaliwe na mtu mwingine. Anayechambua karafuu wakati wa msimu abadilishe mikono na asikae kwenye jamvi kutwa nzima. Kwenye sala, kama kunyanyuka kutoka sijda ukiegemea kiganja kunauma, punguza uzito wa mkono ule na uinuke zaidi kwa nguvu za mapaja.

Mazoezi, ambayo ndiyo dawa yenyewe

Vifaa ni meza au ukuta, chupa ya maji ya nusu lita, na nyundo. Kanuni ya kupima ni hii: ukiyapa maumivu namba kutoka sifuri hadi kumi, wakati wa zoezi yasivuke tatu au nne, na kesho asubuhi yawe yamerudi yalipokuwa. Yakibaki juu hadi kesho, umezidisha. Rudi nyuma hatua moja, usiache kabisa.

Bamvua ya kwanza, yaani takribani wiki mbili za mwanzo, usisogeze kitu. Weka mkono wa chini juu ya meza, kiganja kikitazama chini na kikining'inia nje ya ukingo. Kwa mkono usiouma, bonyeza juu ya mgongo wa kiganja cha mkono unaouma huku chenyewe kikisukuma kwenda juu, mikono miwili ishindane bila kifundo kusogea. Hesabu taratibu hadi thelathini, pumzika dakika moja, rudia hadi mara tano. Fanya kila siku, asubuhi na jioni ukiweza. Baadhi ya watu huona mkono unatulia kidogo mara tu baada ya zoezi hili, kwa hiyo linafaa pia kabla ya kushuka baharini.

Wiki mbili zinazofuata ingiza chupa iliyojaa maji. Mkono ukae vilevile juu ya meza. Kwa msaada wa mkono usiouma nyanyua kifundo juu, kisha ondoa msaada, na mkono unaouma ushushe chupa peke yake, polepole, kwa kuhesabu hadi nne. Kule kushusha ndiko kunakofanya kazi, maana kano inavutwa huku ikirefuka na nyuzi zinalazimika kujipanga. Mara kumi, pumzika, rudia hadi mafungu matatu. Siku moja fanya, siku moja pumzika. Ikishakuwa rahisi, shusha na kunyanyua kwa mkono uleule bila msaada.

Kuongeza uzito hakuhitaji duka. Chupa ileile ya nusu lita ukiijaza mchanga mkavu inafika robo tatu ya kilo au zaidi kidogo. Chupa ya lita moja ya maji ni kilo moja. Ya lita moja na nusu ni kilo moja na nusu. Panda hatua moja kila bamvua, si kila siku mbili. Pamoja na hayo, shika nyundo mwishoni mwa mpini, kiwiko kimekunjwa ubavuni, uizungushe taratibu kulia na kushoto, mara kumi. Ikiwa nzito sana, shika karibu na kichwa chake. Na usilisahau bega: usukume ukuta kwa mikono miwili, jivute kwenye nguzo, kwa sababu bega likichoka kazi yake yote inashukia kiwikoni.

Nitasema wazi, mazoezi haya yanachosha roho kuliko mwili. Wiki ya tatu utahisi hayasaidii. Mabadiliko ya kweli huanza kuonekana kati ya wiki ya sita na ya kumi na mbili, na kwa baadhi ya watu ukamilifu wa kupona unachukua karibu mwaka. Habari njema ni kwamba walio wengi hupona ndani ya mwaka huo bila kupasuliwa. Anayevuta sigara ana sababu nyingine ya kuacha, maana tumbaku imehusishwa na ugonjwa huu wa kano.

Vituliza maumivu na sindano

Maji ya moto au ya baridi, chagua yanayokupa nafuu, dakika kumi hadi kumi na tano. Mafuta ya kupaka ya diklofenaki yanasaidia wengine na yana madhara machache kuliko vidonge vyake. Vidonge vya diklofenaki na ibuprofeni visimezwe wiki baada ya wiki, na mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, presha au mjamzito asivitumie bila kumuuliza daktari. Paracetamoli ni salama zaidi kwa kipimo chake.

Pemba hatuwezi kuzungumza maumivu bila karafuu. Mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, yana yujeno, kitu kinachotia ganzi, ndiyo maana madaktari wa meno wamekitumia tangu zamani. Ngozi itapata ganzi ya muda, kano haitaguswa. Ukipenda kuyatumia, yachanganye matone machache kwenye mafuta mengi ya nazi, kwa sababu yakipakwa matupu yanaunguza ngozi. Kuchuliwa kwenye msuli wa mkono wa chini kunaburudisha na hakuna ubaya. Ila mchuaji akikikaba kile kinundu chenyewe kwa kidole gumba mpaka utoe machozi, mwambie aache, anaongeza jeraha. Chuku na hijama ukiziamini ni hiari yako, wembe uwe mpya, na zisichukue nafasi ya mazoezi. Mkanda wa kiwiko nao ufungwe vidole viwili chini ya kinundu, juu ya nyama ya msuli, wakati wa kazi tu. Ukilala uvue.

Sindano ya steroidi ndiyo inayowavutia wengi, kwa sababu mtu anaingia akiumwa na baada ya siku chache anacheka. Mwaka 2006 watafiti wa Brisbane, Australia, walichapisha matokeo ya wagonjwa 198 wa kiwiko hiki waliogawanywa makundi matatu: waliopigwa sindano, waliofanyiwa tiba ya viungo na mazoezi, na walioachwa wasubiri kwa ushauri tu. Baada ya wiki sita waliopigwa sindano walikuwa mbele. Lakini kati ya waliofanikiwa kwa sindano, asilimia 72 maumivu yaliwarudia, na kufikia mwaka walikuwa nyuma ya wenzao wa mazoezi. Maoni yangu ni kwamba mtu mwenye kazi ya mikono asikimbilie sindano. Inampa wiki sita nzuri, na katika wiki hizo atapiga makumbi kwa nguvu zake zote juu ya kano ambayo bado haijajengeka.

Kurudi kazini

Rudia jaribio la kiti kila mwandamo wa mwezi. Siku utakayokinyanyua kiganja kikitazama chini bila kuchomwa, na ukaweza kushusha chupa ya lita moja na nusu mara kumi kwa mafungu matatu, mkono uko tayari kuongezewa. Anza na nusu ya kazi yako ya zamani, siku moja fanya siku moja acha, kwa wiki mbili. Kisha ongeza robo. Usianze kwenye kilele cha msimu wa karafuu wala siku ya kuvuna mwani shamba zima. Mazoezi ya chupa yaendelee mara mbili kwa wiki kwa miezi mingine mitatu, hata kama huumwi. Maumivu kidogo yakirudi si kwamba umeharibika upya. Punguza kwa siku chache, shuka hatua moja, kisha panda tena.

Na wewe unayesoma haya huku mwenye kiwiko ni mama yako, dada yako au mkeo, sehemu yako ipo. Hawezi kugawa kazi kama hakuna wa kugawana naye. Leo jioni mkune nazi nyinyi, kesho bebeni gunia, na mti wa makumbi uzungushieni mpira kabla hajaushika tena.